Wa Kwanza Kuandikwa

Barua ya kufunga Redio Mlangoni ilifika Bwera siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Esperance akiwa hewani anasoma tangazo la msiba. Kijana wa bodaboda aliyetumwa nayo kutoka Kasese hakujali taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka juu ya mlango. Aliingia moja kwa moja mpaka kwenye maikrofoni, akasema, "Tia saini hapa, haraka," na wasikilizaji wote, kuanzia mpakani Mpondwe hadi Kinyamaseke, wakasikia marehemu akiharakishwa kutia saini.

Redio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya Thembo. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na mlingoti ulisimama nyuma ya jiko, umekazwa kwa waya nne, mmoja ukitumika kuanikia nguo. Thembo alikuwa fundi wa simu na redio. Mtambo aliuunga kwa mikono yake. Mkewe Esperance, mzaliwa wa Butembo upande wa Kongo, ndiye aliyekuwa sauti. Kila asubuhi alisoma bei ya maharagwe na kahawa, mizigo iliyozuiwa forodhani, vitambulisho vilivyookotwa, na vifo. Mama yake Thembo, Bi Loyi, aliyarudia matangazo ya vifo kwa Lhukonzo, kwani alishikilia kwamba hakuna mtu anayeweza kufa vizuri kwa Kiswahili.

Thembo aliisoma ile barua mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama.

"Inasema nini?" mama yake akauliza.

"Inasema masafa yetu, tisini na nne nukta sita, ni ya Mheshimiwa Bwambale wa Kasese. Redio yake inaitwa Taji. Sisi tuzime mtambo ndani ya siku kumi na nne."

"Bwambale ana redio?"

"Bado hana."

"Sasa tumemwibia nini?"

"Hatujamwibia, Mama. Ameandikwa wa kwanza. Sisi wa saba."

Sheria haikuwa ngumu. Redio mbili zilizo karibu haziwezi kupita katika masafa mamoja bila kukanyagana, kwa hiyo ofisi ya masafa ilikuwa na rejista. Aliyeandikwa kwanza ndiye mwenye haki. Aliyeandikwa nyuma yake atafute kwingine au anyamaze. Kibali alichokuwa nacho Thembo kilikuwa cha majaribio tu. Kilimruhusu kusikika, lakini hakikumpa haki ya kumzuia mtu. Ombi lake kamili alilipeleka Kasese kwa mkono wake mwezi wa pili. Bwambale alipeleka lake mwezi wa nne, na hilo lilijulikana wilaya nzima, maana aliangusha karamu ya kutangaza kwamba kesho yake angepeleka ombi.

"Baba Docus," Esperance alisema, Docus likiwa jina la binti yao, "mwezi wa pili na mwezi wa ine, gani njo inatangulia? Hata mutoto wa shule anajua. Hawa watu beko na kalenda gani?"

"Kesho tutaenda kuiona."

*

Ofisi ya masafa ya kanda ilikuwa juu ya duka la magodoro mjini Kasese. Thembo na Esperance walifika saa mbili asubuhi, wakakaa kwenye benchi la korido mpaka saa sita. Mara mbili mfagizi aliwaomba wainue miguu. Mara ya tatu hakuomba.

Walipoitwa ndani walimkuta karani, msichana aitwaye Shallon. Hakuwa mtu mbaya. Aliwakumbuka mara moja.

"Barua yenu naijua. Ndiyo ilikuwa na picha ya mlingoti na mashuka."

"Basi kwa nini tumekuwa wa saba?" Thembo akauliza.

"Rejista ilijaa mwezi wa kwanza. Tuliomba nyingine Kampala, ikafika mwezi wa tano. Kwa hiyo kila barua iliyokuja nilikuwa naweka hapa." Alionyesha trei ya waya pembeni mwa meza. "Yenu ilikuja, nikaweka. Ikaja nyingine, nikaweka juu yake. Ya Mheshimiwa ilikuja mwisho, nikaweka juu kabisa. Rejista mpya ilipofika nikaanza kuandika."

"Ukaanzia juu," Esperance akasema.

"Sasa ningeanzia chini, mama? Si zingeanguka?"

Thembo aliitazama ile trei kama anavyoitazama simu iliyotumbukia chooni. Akaomba kumwona mkubwa.

Mkubwa alikuwa Bi Lamunu, mama mpana kutoka kaskazini, aliyewahi kuwa polisi na bado alizungumza kama yuko kwenye kizuizi cha barabarani. Juu ya meza yake rejista ilikuwa wazi, safi, na mistari yake imenyooka.

"Afande," Thembo alianza, na hakujua kwa nini alimwita hivyo, "sisi tulifika kwanza. Muhuri wa kupokea uko na tarehe. Na sisi ndio tuko hewani. Watu wanatusikia."

"Sikiliza wewe. Sheria haiulizi nani alifika. Haiulizi nani anasikika. Inauliza nani ameandikwa. Mstari wa kwanza: Bwambale. Mstari wa saba: Thembo. Saba inakuja mbele ya moja?"

"Lakini karani aligeuza barua."

"Karani hakugeuza. Karani aliandika. Unataka nifute rejista ya serikali? Kwa kifutio gani?"

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Bwambale aliingia akiwa amevaa suti ya rangi ya samli, akanyoosha mkono kwa wote. Watu walimwita Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kugombea kiti, si kwa sababu aliwahi kukipata. Alikuwa na duka la mabati na hoteli, na sasa alitaka sauti.

"Ndugu yangu Thembo! Wabukire. Na mama, habari za nyumbani? Jamani, tusigombane. Sisi Bakonzo mambo haya tunayajua tangu zamani. Hata mama zetu walikuwa na rejista. Mimi Bwambale, mtoto wa kiume wa pili. Wewe Thembo, wa tano. Ulipitwa kabla hujanyonya!"

Ni kweli kwamba Bakonzo, kama ndugu zao Wanande wa Kongo, huwapa wana wao majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Bi Lamunu alipofafanuliwa, alicheka mpaka akajifuta macho. Shallon alicheka mlangoni. Thembo naye alicheka, kwa adabu.

Njiani kurudi Bwera jambo moja lilimsumbua. Si mstari wa saba. Ni kile kicheko chake mwenyewe.

*

Wiki hiyo hiyo Bwambale alisimamisha mlingoti juu ya hoteli yake na kuanza kujaribu mtambo. Haki alikuwa nayo, nguvu za umeme alikuwa nazo, na tangazo alikuwa nalo moja tu, la mabati yake mwenyewe, likirudiwa kutwa. Bwera bado walimsikia Esperance. Kasese walisikia mabati. Waliokaa katikati, watu wa Kinyamaseke, walisikia vyote viwili kwa pamoja.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alizikwa mzee mmoja mkulima wa kahawa huko Bwesumbu, mlimani. Esperance alikuwa ametangaza kifo hicho siku mbili, asubuhi na jioni, kwa sauti yake ya msiba. Ijumaa akafika mtu mlangoni, viatu vyake vina vumbi jekundu. Jina lake Kule, mdogo wake marehemu, anayeishi Kinyamaseke.

"Ninyi ndio redio?"

"Njo siye, papa. Karibu, ukae."

"Sikai. Nataka kuuliza kitu kimoja. Nilikuwa na redio sikioni siku mbili. Nikasikia jina la kaka yangu. Nikasikia kwamba amelala. Halafu nikasikia ana dhamana ya miaka kumi na mitano na hapati kutu."

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa Bi Loyi aligeuka ghafla akatazama ukuta.

"Nikangoja mseme siku ya mazishi," Kule akaendelea. "Nikasikia 'Alhamisi', nikasikia 'saa nane', halafu mwanamume mmoja akasema 'njoo dukani kwetu Kasese'. Nikaenda Kasese. Nilisimama mbele ya duka la mabati na mkungu wa ndizi wa matanga kichwani. Wale vijana wakaniuliza nyumba yangu iko na futi ngapi."

"Papa, utusamehe. Iko mutu anatukanyaga hewani."

"Nilifika Bwesumbu jana jioni. Nimekuta udongo." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Huyo mtu mwambie sina ugomvi. Mwambie tu ndugu yangu hakuwa bati."

Aliondoka bila kunywa hata maji. Bi Loyi alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha Esperance mbele ya maikrofoni iliyozimwa, akasema, "Basi tuzime. Nilidhani Kiswahili ndicho kibaya. Kumbe kuna mabati."

Jumapili Bwambale alikuja mwenyewe, akiwa na soda kreti moja. Alisikitika sana kwa yaliyomkuta Kule. Alisema hata yeye ana ndugu. Ndipo akatoa fikra yake. Esperance angekuja Taji kama mtangazaji, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri na wateja wa Kongo waliizoea. Thembo naye asingesahauliwa.

"Mlingoti wangu unahitaji mtu wa kuulinda," alisema. "Mtu anayejua mlingoti ni kitu gani."

Thembo aliangalia soda. Esperance alimwangalia Thembo. Aliyejibu ni Bi Loyi, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mashamba.

"Mheshimiwa, kile kiti ulikipata mwaka gani? Mimi mzee, nasahau."

Bwambale alikumbuka kwamba ana mkutano Kasese. Kreti aliiacha. Walikunywa.

*

Siku ya kumi na tatu waliitwa tena ofisini, Thembo na Bwambale pamoja, na Esperance akaenda na mumewe. Safari hii wote walikalishwa kwenye benchi, na mfagizi alipofika, Mheshimiwa aliinua viatu vyake vya ncha kali kama watu wengine.

Bi Lamunu alikuwa na karatasi moja mbele yake, imeandikwa Kifaransa, na nyingine yenye tafsiri.

"Kabla ya kutoa leseni karibu na mpaka, lazima tuwaulize jirani," alisema. "Tumewauliza. Wamejibu. Tisini na nne nukta sita iliandikwa Kongo miaka tisa iliyopita. Kwa jina la Paluku, wa Kasindi. Ada amelipa kila mwaka. Kwa hiyo ninyi wote wawili, hakuna."

"Redio gani?" Bwambale akauliza. "Kasindi naijua. Hakuna redio Kasindi."

"Haipo, lakini imeandikwa."

"Madam, hiyo haiwezekani! Mtu hasikiki miaka tisa! Mimi niko hewani sasa hivi! Watu wananisikia!"

"Sheria haiulizi nani anasikika."

"Lakini mimi nimefunga mlingoti! Nimeleta mtambo kutoka Nairobi! Huyo ana nini? Ana karatasi!"

Thembo alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika mdomo uliotunzwa vizuri zaidi. Esperance alisogea mbele.

"Mheshimiwa," alisema, "Paluku ni jina letu ya mutoto mwanaume wa kwanza. Wewe iko wa pili. Mama zetu balishaandika."

Shallon aliangusha kalamu, akachukua muda mrefu kuitafuta chini ya meza.

Bi Lamunu aligonga meza. "Nyamaza wote. Maombi ya masafa haya nimefuta, mstari wa kwanza na wa saba. Iko njia moja. Huyu Paluku akikubali kwa maandishi, na sahihi, mwingine anaweza kutumia masafa yake wakati yeye hatumii. Wa kwanza kuleta barua hiyo ndiye nitaandika. Mmeelewa? Toka."

Bwambale alishuka ngazi akiwa ameshaweka simu sikioni. Gari lake liliondoka kabla mlango haujafungwa. Thembo na Esperance waliingia kwenye teksi ya Bwera na kungoja ijae.

*

Esperance alivuka daraja la Lhubiriha kwa miguu siku iliyofuata, pamoja na wanawake wenye mabeseni ya vitunguu. Kasindi hakuhitaji kuuliza mara mbili. "Mkurugenzi?" watu walisema. "Ule fundi wa nguo? Iko pale nyuma ya kanisa."

Papa Paluku alikuwa mzee mwembamba, mita ya kupimia imening'inia shingoni, mguu kwenye cherehani. Nyuma yake ukutani, ndani ya karatasi ya nailoni, kilitundikwa cheti cha masafa. Kando ya mlango, dereva wa Bwambale alikuwa ameegemea gari, bahasha mkononi.

"Nimemwambia tangu jana atie saini tu," dereva alimweleza Esperance, kana kwamba wao wawili walikuwa upande mmoja. "Mheshimiwa amemtumia kitu kizuri humu. Mzee hataki hata kufungua."

"Bwana yake hakukuja," Paluku akasema bila kuinua macho. "Ametuma gari. Miye siongei na gari."

Esperance alimsalimu kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, akaketi kwenye kigoda. Hakutoa karatasi. Alimwambia yeye ni nani, na mama yake ni nani huko Butembo, na redio yao iko chumba gani, na mashuka yanaanikwa wapi. Alimweleza habari ya Kule na mkungu wa ndizi. Mzee aliacha kushona.

"Alikuta udongo?"

"Alikuta udongo, papa."

Paluku alikata uzi kwa meno. "Miye baliniambia ya kwanza ni kuandikisha. Iko shirika moja lilikuwa hapa, wakasema, papa, uandikishe, siye tutaleta mlingoti. Nikaandikisha. Wakaenda. Mlingoti haikuja. Watu wanasema niache kulipa. Lakini nikiacha kulipa, mutu mwingine atachukua, na siku mlingoti ikifika nitasemea wapi? Miaka tisa niko mkurugenzi, na sijasema neno hata moja."

"Sasa papa, utatusaidia?"

"Nitatia saini. Lakini kila juma ya posho, saa moja ya asubuhi, nusu saa ni yangu. Pasipo mutu wa kuniuliza nitasema nini."

Esperance alisita. Alishaona wanaume waliokaa kimya miaka mingi halafu wakapewa maikrofoni. Wengine huhubiri. Wengine hugombea.

"Nusu saa kila Jumamosi, papa."

"Na usinikate."

"Sitakukata."

Mzee alinawa mikono kwanza, akaikausha, ndipo akaandika. Dereva alipoona kalamu inatembea alipiga simu, na sauti ya Mheshimiwa ikasikika mpaka kanisani.

*

Kesho yake, kabla mfagizi hajafungua korido, Thembo na Esperance walikuwa mbele ya mlango wa ofisi. Shallon alipoipokea barua na kunyoosha mkono kuelekea kwenye trei, Esperance aliweka kiganja chake juu ya trei, kwa heshima.

"Hapana, dada. Uandike sasa. Miye nitasimama hapa."

"Mkubwa hajafika."

"Rejista iko imefika?"

Shallon aliangalia huku na huku, kisha akaifungua. Aliandika jina, tarehe na saa. Esperance, ambaye hakuwahi kumwamini karani yeyote wa nchi yoyote, alimwomba aongeze dakika.

Leseni ilitoka baada ya wiki tatu, na ilikuwa na masharti: Redio Mlangoni itatangaza kwa ridhaa ya mwenye haki ya kwanza, na itanyamaza kila mwenye haki huyo atakapotaka kutumia masafa yake. Thembo aliisoma mara tatu, safari hii akiwa ameketi. Taji ilipewa masafa mengine, na Bwambale alitangaza hewani kwamba hayo ndiyo aliyoyataka tangu mwanzo.

Jumamosi ya kwanza Papa Paluku alivuka mpaka akiwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe. Familia ilikuwa na wasiwasi. Bi Loyi alidhani atahubiri. Thembo alidhani atataja wanasiasa, na siku hiyo hiyo wafungwe upya, kihalali kabisa. Mzee alikaa, akauliza asemee upande gani. Esperance alimwonyesha. Taa nyekundu ikawaka.

Mzee alifunga kifungo cha koti lake.

"Miye ni Paluku," alisema. "Niko baba ya Yvette. Tulikuwa na shamba upande wa Beni. Ile siku tulikimbia vita, miye nilishika ule mudogo, yeye alishika nguo ya mama yake. Njiani watu walikuwa wengi. Mama yake tulimuzika. Yvette sikumuona. Alikuwa na miaka kumi na moja. Iko na alama ya moto kwa mkono wa kuume, alijichoma na pasi yangu. Watu waliniambia watoto wengine walivuka Uganda. Yvette, kama unanisikia, baba yako iko Kasindi, nyuma ya kanisa. Cherehani iko ile ile."

Alisema hivyo kwa Kiswahili, halafu kwa Kinande, halafu akaanza tena kwa Kiswahili. Thembo alikuwa ameshika waya ambao haukuhitaji kushikwa. Bi Loyi alikuwa akitingisha kichwa taratibu.

Simu ya redio ikalia. Esperance aliirukia hata akakipiga teke kigoda, akatoka nayo ukumbini na kufunga mlango.

"Alo? Alo? Uko nani?"

"Mimi ni wa Kinyamaseke," sauti ya mwanamume ikasema. "Huyo mzee wenu atamaliza saa ngapi? Tunangoja bei ya maharagwe."

Esperance alisimama na simu sikioni. Kupitia mlangoni alimsikia Paluku akifika tena kwenye alama ya moto.

"Iko na dakika kumi na mbili ingine," alisema. "Ngoja."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Jumamosi ijayo pia. Na ile ya nyuma yake. Ngoja tu, papa."

Alikata, akarudi ndani kwa ncha za vidole. Mzee alimtupia jicho, mara moja tu, akaona uso wake, naye akaugeukia mdomo wa maikrofoni na kuanza upya kwa jina la mtoto, shamba la Beni, na alama ya moto.